Mdogo wangu frateri anaogopa neno "milele": kipi hasa hakirudi nyuma?

Dada mmoja ameniandikia kuhusu mdogo wake frateri, yaani mwanafunzi wa upadri, meseji yake nimeifupisha na majina nimeyatoa:

"Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa mwisho ni frateri, yuko teolojia mwaka wa nne, ushemasi ni mwezi wa saba. Likizo iliyopita usiku tumekaa nje ya jiko akaniambia dada, ushemasi wenyewe siuogopi, naogopa hilo neno milele. Nikamwambia kama unaogopa si uache, akasema naachaje wakati mama ameshaunda kamati. Marafiki zake wanamwambia apokee tu, ikishindikana ataomba ruhusa Roma, mbona wengine wameacha wameoa na wengine wameingia siasa, na yeye siasa anaipenda mno. Naomba kujua, ni kweli mtu akishakua padri hawezi kuacha kua padri? Kama ni kweli hao walioacha ni akina nani sasa? Na mimi nimwambie nini?"

Marahaba dada, na pole, najua maneno kama hayo ukishaambiwa usiku hulali. Jibu fupi ni ndio, mtu akishapewa daraja (ushemasi, ndo hatua ya kabla ya upadri, au upadri wenyewe, au uaskofu) kihalali halimtoki, na hao marafiki zake nao hawajamdanganya, ila wamechukua vitu viwili wakavifunga kamba moja, na hapo ndo vijana wengi wanapojikwaa, mmoja anaingia akidhani kila kitu kina mlango wa nyuma, mwingine anakimbia akidhani hakuna mlango wa kitu chochote.

Vitu vyenyewe ni hivi, kuna daraja alafu kuna ukleri. Daraja ni kile kinachotokea pale askofu anapoweka mikono kichwani kanisa zima limekaa kimya, alafu anasali ile sala ya kuweka wakfu. Ukleri ni ile nafasi anayopewa baada ya hapo, kazi, haki, utii, useja, kupangiwa parokia, kutunzwa na jimbo. Sasa chukua Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 290, inaanza kwa kusema daraja likishapokelewa kihalali halibatiliki kamwe, alafu hapohapo, hata hujageuza ukurasa, inataja njia tatu ambazo kleri anapoteza hali yake ya ukleri. Watu wakisoma sehemu ya kwanza peke yake wanaogopa, wakisoma ya pili peke yake wanafanya mzaha.

Mfano ninaopenda kuutumia (wazee wa kanisa wanisamehe) ni jando. Kijana akishapita jando, ukoo unaweza kumfukuza, unaweza kumnyima shamba, unaweza kukataa hata kumsalimia, lakini hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kumrudisha alivyokuwa kabla ya kisu. Ubatizo uko hivyo, kipaimara kiko hivyo na daraja liko hivyo, sakramenti tatu ambazo mtu hapewi mara mbili hata akiasi akarudi. Ndoa, pamoja na ugumu wake wote, haimo kwenye kundi hilo, mmoja akifa aliyebaki yuko huru na akiwa na nguvu hizo anaoa tena.

Utasema hayo ni maneno ya vitabuni tu. Hapana, yana kazi. Fikiria basi limepinduka usiku barabara ya Morogoro, magari yamesimama watu wanatoa majeruhi, na kati ya waliosimama yupo baba mmoja aliyeacha upadri miaka 15 iliyopita, mke yuko mbele, watoto wamelala siti ya nyuma. Majeruhi mmoja anakata roho anaomba padri. Huyo baba anaweza kuinama pale kwenye nyasi akamsikiliza na kumwondolea dhambi, na ikawa ni kitubio halali kabisa, sio bahati nasibu. Kanuni ya 976 inasema padri yeyote, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha, anaweza kufanya hivyo kwa mtu aliye kwenye hatari ya kufa, na ile kanuni ya 292 inayomkataza aliyeacha asitumie tena daraja lake imeliacha tundu hilo moja wazi kwa makusudi. Kama angekuwa ameacha kuwa padri kweli kweli hilo tundu lisingekuwa na maana yoyote.

Kwahiyo hao walioacha ni mapadri ambao hawaruhusiwi kufanya kazi ya upadri, na kama wamefuata utaratibu wameondolewa pia mzigo wa useja. Wengine hawakufuata utaratibu, waliondoka tu asubuhi moja na begi, hao kwa sheria bado wamefungwa na kila kitu na ndoa wanayofunga kanisa haliitambui hata kama bomani wamepewa cheti.

Na huo utaratibu sasa, maana naona hawa vijana wanaongea kuhusu "kuomba ruhusa Roma" kama vile ni kuomba likizo. Mimi nimekaa kwenye ofisi ya mahakama ya kanisa kama notari, yule mwandishi wa mafaili, miaka 11, mafaili ya namna hiyo yamepita mezani kwangu, machache lakini yamepita. Anaandika barua ya kuomba yeye mwenyewe, anaandika historia ya maisha yake kuanzia utotoni, anahojiwa, wanahojiwa waliomlea seminarini, waliosoma nae, wakati mwingine ndugu zake (ndo wewe sasa unakaa kwenye kiti unaulizwa mdogo wako alikuwaje akiwa na miaka 14), askofu anaandika maoni yake, lote linafungwa linakwenda Roma, na useja unaondolewa na Papa peke yake, sio askofu wala balozi wa Papa, kanuni ya 291. Kwa shemasi sheria inataka sababu nzito, kwa padri inataka sababu nzito sana. Tofauti ya neno "sana", ila kwenye faili hilo neno linakula miaka.

Enzi za Papa Paulo VI ruhusa zilitoka kwa maelfu. Yohane Paulo II alipoingia 1978 akafunga bomba, na 1980 zikatoka taratibu mpya, na desturi ikawa padri aliye chini ya miaka 40 kwa kawaida hapewi. Baadae pamelegezwa kidogo kwa mazingira fulani fulani, lakini mwambie huyo rafiki yake apige hesabu mwenyewe, mtu anapewa upadri na miaka 29, anachoka na 33, atakaa wapi, anakula nini, anaitwa nani hapo katikati? Na akishapata, barua ya ruhusa inakuja na masharti, asihubiri kwenye misa, asifundishe seminarini, na mengine. Akitaka kurudi tena altareni, kanuni ya 293, ni mpaka Roma kwa mara nyingine. Kutoka ni mlango mzito, kurudi ni mzito zaidi.

Kuna na hiyo njia nyingine kwenye kanuni ya 290, ya kuthibitisha kwamba daraja lilikuwa batili tangu siku ya kwanza, kama vile watu wanavyofanya kwenye ndoa. Za ndoa nimeshika mpaka vidole vikachoka, na tangu Papa Fransisko arahisishe utaratibu 2015 ni jambo ambalo hata jumuiya ndogondogo wanalijua. Ya daraja sijawahi kushika hata moja.

Na usidhani hili la kutofutika linapanda kadiri cheo kinavyopanda. Benedikto XVI tarehe 11 Februari 2013 aliwasomea makardinali kwa Kilatini kwamba anaacha, na tarehe 28 saa mbili usiku kiti kikawa wazi. Upapa ni kazi, una mlango, kanuni ya 332 inausema wazi, na alivyotoka aliendelea kuwa askofu na padri mpaka anakufa mwisho wa 2022. Maana yake kazi ya juu kabisa kwenye kanisa inaachika kwa kuisema mbele ya watu, ila ule ushemasi wa mdogo wako wa mwezi wa saba hauachiki. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Tuje kwenye siasa, maana hapo naona ndo penye mtego wa kijana mwenyewe. Kanuni ya 285 inawakataza makleri kushika ofisi za umma zenye mamlaka ya kiserikali, na 287 inawakataza kujiingiza kwenye vyama, labda mamlaka ya kanisa ione kuna haja kubwa. Wapo mashemasi wa kudumu, wale wenye wake zao, wao la 285 haliwabani sana, ila mdogo wako ni shemasi wa kuelekea upadri, linambana. Hata hivyo Afrika tunao waliojaribu. Barthélemy Boganda wa Oubangui-Chari, ndo hiyo Afrika ya Kati ya leo, aliingia bunge la Ufaransa 1946 akiwa padri, kanisa likamtoa, 1950 akaoa. Fulbert Youlou wa Kongo Brazzaville alipewa upadri 1946, siasa ikamvuta, akakatazwa kutoa sakramenti, 1956 akawa meya wa Brazzaville na baadae rais wa kwanza wa nchi, na kanzu hakuvua! Alikuwa anaingia nayo ofisini, anapokea nayo wageni, mpaka anapinduliwa Agosti 1963. Mimi namsoma Youlou hivi, kanzu ilikuwa mtaji, maana watu walimwamini mwanasiasa kwa sababu ya kitu ambacho mwanasiasa hana, yaani neno lisilorudi nyuma, na yeye akalitumia hilo neno la altareni kununua imani ya jukwaani. Ndo maana maaskofu wanakasirika, sio wivu wa madaraka kama watu wanavyosema vijiweni.

Kesi inayonisisimua zaidi ni ya mbali kidogo, Paraguay. Fernando Lugo alikuwa askofu wa San Pedro, jimbo la wakulima maskini. Akaachia jimbo, akaomba arudishwe kwenye hali ya ulei, yaani awe muumini wa kawaida asiye kleri, agombee urais, Roma ikakataa ikamsimamisha kazi. Yeye akagombea hivyohivyo, Aprili 2008 akashinda. Sasa tatizo, katiba ya Paraguay yenyewe hairuhusu mhudumu wa dini kuwa rais, kwahiyo nchi ina rais mteule ambaye kwa macho ya kanisa ni askofu. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Benedikto XVI amempa hali ya ulei, jambo ambalo kwa askofu ni nadra kupita kiasi, na Agosti 15 akaapishwa. 2012 bunge likamwondoa kabla hata muhula haujaisha. Yaani urais haukufika hata miaka minne kamili. Uaskofu uko palepale, akikutana na mtu anakata roho barabarani sheria ya lile basi la Morogoro inamhusu na yeye.

Kwa majirani zetu Zambia tunamkumbuka Milingo, aliyewahi kuwa askofu mkuu wa Lusaka, 2001 alifungishwa ndoa New York na kanisa la yule mchungaji Moon wa Korea, akarudi Roma akatubu, 2006 akawapa uaskofu watu wanne wenye wake bila ruhusa ya Papa akajitenga mwenyewe na kanisa, 2009 akavuliwa ukleri kabisa. Simleti hapa kumsema mzee wa watu. Namleta kwasababu kila hatua hiyo ilikuwa mbele ya kamera, na mtu akishatangaza mbele ya kamera kurudi nyuma kunakuwa na bei mbili, ya kwanza kanisa linakudai, ya pili waliokushangilia wanakudai.

Siasa yenyewe imetengenezwa kinyume na hivyo, imetengenezwa watu waweze kutoka na kurudi. Rais anaapa kwa miaka mitano. Mbunge wetu hapa akihama chama anapoteza kiti, alafu baada ya miezi miwili unamuona jukwaani anagombea kiti kilekile kwa tisheti ya rangi nyingine. Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 70 kwa makosa yaliyofanywa na walio chini yake, ikawa heshima kwake, 1985 akawa rais. Kujiuzulu kwenye siasa kunaweza kukupandisha. Na mtu anaweza kuwa padri kwanza alafu akaonekana bungeni baadae, Dk. Slaa alikuwa padri na katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu kabla ya kuwa mbunge wa Karatu na kugombea urais 2010, mambo yake ya kanisani ni yake siyajadili, ila vijana wanaomtaja kama njia ya mkato hawajiulizi barabara yenyewe ina urefu gani. Kama mdogo wako ndoto yake ni bunge, basi aende bungeni, ubunge ni kazi ya heshima, ila asipitie altareni kuchukua jina.

Sasa swali ambalo hukuuliza ila najua unalo, kwanini iwe milele? Kwanini wasiweke mkataba wa miaka kumi kumi, akishindwa anaaga vizuri anapewa cheti? Masista na mabruda wanayo nadhiri za muda kwanza, kwa kawaida miaka mitatu mpaka sita na inaweza kuongezwa ifike tisa, ndipo wanakuja kwenye za daima. Padri wa jimbo hana hiyo, yeye sio mtu wa nadhiri hata, yeye anaahidi utii na useja na kupokea sakramenti, mara moja.

Jibu langu mimi halitoki kwenye maana ya upendo na sadaka, hayo atahubiriwa. Jibu langu linatoka kwenye kitubio. We dada labda uliwahi kuungama 1998 kwa padri fulani kitu ambacho hujamwambia hata mumeo. Tuseme yule padri aliacha, saivi anauza vifaa vya ujenzi mji mwingine, mabati na misumari, ana presha kama watu wote. Kitu chako kiko wapi? Kiko kifuani kwake na hawezi kukitoa, kanuni ya 983 inasema siri ya kitubio haivunjwi, si kwa maneno si kwa namna nyingine yoyote, na kuacha kwake kazi hakukumfungua. Sasa kama ahadi ya padri ingekuwa ya miaka kumi wewe ungeungama nini kwake? Ungeungama uongo wa sokoni na hasira za asubuhi. Watu wanampa padri vitu vizito kwasababu wanajua hakuna siku ataamka sio padri. Hilo milele linalomtisha mdogo wako halijawekwa kwa ajili yake, limewekwa kwa ajili ya watu atakaokutana nao, ambao watajenga juu ya neno lake bila kumuuliza kama leo ameamka vizuri. Waislamu wa pwani wana wakfu, mtu akishasema shamba hili wakfu kwa msikiti, haliuzwi, halirithiwi, hata yeye mwenyewe akifilisika kesho, na msikiti unaweza kukaa pale miaka mia kwasababu tu alichokitamka hakikurudi. Ni jambo lilelile, ila hapa shamba ni mtu.

Ndo maana kuogopa sio dalili mbaya. Mimi asiyeogopa ndo ananitia wasiwasi, yule anayehesabu siku kama anasubiri harusi. Lakini hofu ziko aina aina na wewe dada unamjua kuliko mlezi yeyote. Kuna ya mtu anayesema nautaka huu mzigo ila sijui kama mabega yanatosha, hiyo haiishi hata baada ya miaka 30, mapadri wazuri ninaowajua bado wanayo. Na kuna ya mtu anayesema siutaki ila sina pa kutokea. Mdogo wako alivyosema "naachaje wakati mama ameshaunda kamati" hapo mimi nilisimama kusoma nikaweka simu chini.

Kwasababu hiki kitu nakijua. Mimi pia nilikuwa frateri, nilitoka mwaka wa tatu wa teolojia, miezi mitano kabla ya ushemasi. Sikuwa na kesi yoyote, sikufukuzwa, nilikwenda kwa gambera, mkuu wa seminari, nikamwambia nina kitu ndani kinakataa, akaniambia mbona umechelewa kusema. Nilichelewa kwasababu nyumbani walishanunua kalisi, kile kikombe cha misa. Shangazi alikuwa ameshashona. Mbuzi walishahesabiwa, na mama yangu huko jumuiya alishaanza kuitwa Mama Padri, hilo jina ukilivaa huwa halivuliki kirahisi. Niliporudi na begi kijiji kizima kikaamua nimefukuzwa kwa mwanamke, mwanamke mwenyewe sikuwa nae, baba hakuongea na mimi mpaka Pasaka. Aibu ile ilinikaa kama miaka miwili alafu ikaisha, kweli iliisha, siku moja unagundua watu wanakuuliza bei ya mahindi tu. Kalisi tulimpa padri mwingine wa ukoo wa mama, anaitumia mpaka leo.

Nakuambia hayo yangu ili uone kitu ambacho sheria haiwezi kukionyesha, kwamba kwetu huku sakramenti sio ya kwanza kumfunga kijana, ya kwanza ni kadi za michango. Askofu atamfunga mwezi wa saba, ila familia imeanza kumfunga tangu alipoingia seminari ndogo, kidogo kidogo, kwa mapenzi kabisa, kwa picha ukutani na grupu la wasap na kitenge chenye sura yake. Na kanisa lenyewe kwenye hili liko upande wake kuliko ndugu zake walivyo! Kanuni ya 1026 inasema ni marufuku kabisa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote ile, kwa sababu yoyote ile, apokee daraja. Kwa namna yoyote, hapo hata machozi ya mama yamo. Kanuni ya 1038 inasema hata akishakuwa shemasi akikataa kwenda mbele kwenye upadri hazuiwi kwa hilo tu kuendelea na ushemasi wake. Na kati ya ushemasi na upadri lazima ipite angalau miezi sita.

Hapo kuna kosa linalofanywa na familia karibu zote, wanachukulia ushemasi kama send-off na upadrisho kama harusi yenyewe. Sio hivyo, useja anauahidi kwenye ushemasi, ile alama ya daraja isiyofutika anaanza kuipata kwenye ushemasi, kile anachokiogopa kiko mwezi wa saba, hakiko mwakani. Kama ana neno la kusema wakati wake ni sasa hivi, na sasa hivi bado anaweza kusema "naomba mwaka mmoja nikakae parokiani nifikirie" na hiyo haimwandiki kokote kwamba ameshindwa. Nimeona walioomba wakarudi wakapokea, nimeona walioomba wakaenda zao wakawa walimu na mabwana shamba.

Umeuliza umwambie nini. Usimwambie aache, na usimwambie avumilie, yote mawili utakuwa umemfunga tena, kamba mpya tu. Mkumbushe kuhusu barua. Kanuni ya 1036 inataka kila anayekaribia ushemasi amwandikie askofu tamko kwa mkono wake mwenyewe na kulisaini, kwamba anapokea daraja kwa hiari yake na kwa uhuru, na kwamba atajitoa kwa huduma hiyo daima, na kwamba anaomba apewe. Kwa mkono, bila kupiga chapa. Kwa Waislamu kuna hadithi maarufu ya mambo matatu ambayo hata ukiyasema kwa mzaha yanahesabika ni kweli, nikaha, talaka na kumrejea mke. Daraja halichukuliwi hivyo, kanisa linataka lione nia yako imekaa kwenye karatasi kwanza, ila seminarini wengi wanaikopi hiyo barua kutoka kwa waliotangulia kwasababu maneno yanafanana, wanabadilisha jina na jimbo. Mdogo wako asiikopi. Mwambie achukue karatasi usiku akiwa peke yake aiandike yote kwa maneno yake, kuanzia jina lake mpaka hilo neno daima, alafu aangalie kalamu inasimama wapi. Ikisimama kwenye "daima" ikatetemeka alafu ikaendelea, ni ile hofu ya mabega, aipeleke. Ikisimama kwenye "kwa hiari yangu" asiimalizie, avae shati asubuhi aende kwa gambera akiwa na hiyohiyo nusu karatasi.

Na mama muachie mimi niongee nae kama anakubali, nipe namba yake faragha, mama yangu mwenyewe yuko tayari kuwepo kwenye hiyo simu. Ila fundi wa tisheti za sherehe mwambieni leo asipokee advansi.